Ua Lipendalo Baridi
Tulipozuru jamaa zetu London mwezi wa Mei, tulikuta bustanini maua ya zambarau, mviringo kama chungwa, juu ya mashina marefu yasiyo na jani. Ni ndugu wa kitunguu cha jikoni. Ukipekecha jani lake, harufu hukwambia. Asili ya mengi ni Asia ya Kati, pande alikozaliwa Imamu Bukhari.

Mwenyeji wetu, mzaliwa wa Lamu, hufukia vitunguu vyake Oktoba, kina cha mara tatu ya kimo cha kitunguu, penye jua na pasipotuama maji. Asumini aliyoipanda nje iliuawa na baridi. Maua haya, bila baridi hiyo, hayachanui vyema. Alhamdulillahi, kila ardhi Mola ameipa pambo lake.