Pikipiki Yetu ya Pili

Mwaka 2019 tulinunua pikipiki yetu ya kwanza. Mama mmoja mjane, wa kikanisa cha mwisho kabisa, alitoa debe la mihogo mikavu ili tuiuze na fedha yake iingie katika sanduku la pikipiki. Miezi minne baadaye alituona tunafika kwa miguu, viatu mkononi, akauliza: "Mwalimu, pikipiki yetu iko wapi?" Hakukasirika. Aliuliza kama mtu anavyouliza habari za mtoto aliyekwenda safari. Sisi tulikuwa na maneno mengi tuliyojifunza seminarini, walakini siku ile hatukupata hata moja.

Tangu hapo makatekista wenzetu kadhaa wametuuliza namna gani mtu mwenye fedha kidogo aweza kuchagua pikipiki iliyokwisha kutumiwa, itakayostahimili safari ndefu. Basi tuwaambie yaliyotupata, ya kwanza na ya pili.

Parokia yetu iko milimani, juu ya Moba. Ziwa Tanganyika lenyewe liko mita 770 hivi juu ya bahari, na nyanda za Marungu zinapita mita 2000. Maana yake, kwenda kuzunguka vikanisa vyetu 11 ni kupanda na kushuka, na tena kupanda. Wazee wetu makatekista walikwenda kwa miguu, halafu kwa baiskeli. Walakini kwa njia yetu baiskeli ndiyo inayompanda mtu mabegani. Safari moja ya kuvizunguka vikanisa vyote ilitumaliza wiki tatu, na watoto wa mafundisho wakasahau kipande cha kwanza kabla hatujarudi na cha pili.

Ile ya kwanza tuliinunua Kalemie. Ilikuwa nyekundu, ndefu, yenye nguvu ya 200, na kila mtu aliyepita aliitazama. Tulikuwa na dola 750, tukatoa zote 750. Tuliweka mkono juu ya injini, tukasikia joto, tukafurahi: kumbe chombo hiki ni kizima, kinafanya kazi kila siku! Hatukujua kwamba mwenye kuuza aliiwasha mapema kabla hatujafika, kwani ikiwa baridi ilikataa kuwaka. Tuliona pia rangi mpya pale shingoni, chini ya gidoni, tukadhani ni usafi. Chini ya rangi ile palikuwa na mahali palipounganishwa kwa moto.

Mwezi wa nne, katika mteremko mmoja, shingo ile ilikatika. Tulianguka, tukachubuka magoti na kiwiko, basi. Injini nayo ilikuwa imeanza kulia, na kipande ilichokitaka hakikupatikana Moba, wala Kalemie. Tukaagiza Lubumbashi, wakajibu hakuna. Mwishowe tuliiuza vipande vipande kwa fundi mmoja kwa dola 90, tukamwonyesha pale ilipokatika na tukamwambia habari ya injini. Mzee mmoja wa baraza alituuliza kwa nini kumwambia, wakati sisi hatukuambiwa. Tungenyamaza tungepata labda 200. Tukifikiri habari ya zile dola 110, hata leo hazituachi kabisa bila maumivu.

Mwaka 2022 padri alisema tujaribu tena. Kuomba mara ya pili ni kazi ngumu kuliko ya kwanza. Tulikwenda kila kikanisa, tukaeleza fedha ya kwanza ilivyopotea, kosa likiwa letu. Wengine walicheka, wengine walitoa. Mama yule wa mihogo alitoa kuku. Parokia iliongeza, na sisi pamoja na mama wa watoto wetu tuliuza mbuzi wawili. Jumla ikawa dola 800. Pikipiki mpya ya namna ile ya kazi iliulizwa dola 1400 mahali petu, kwa hiyo hatukuzungumza habari ya mpya.

Jambo la kwanza, kabla ya kutazama pikipiki yoyote, tulitenga dola 150, tukampa mama wa watoto azifiche mahali tusipopajua. Pikipiki iliyotumiwa ina deni ndani yake, nalo litalipwa: pine, mnyororo, golori, mafuta. Mwenye kutoa fedha yote sokoni ataipeleka njiani pamoja na deni lake. Hivyo ndivyo tulivyofanya mwaka 2019.

Jambo la pili, hatukwenda kwa wauzaji. Tulipanda mpaka kijiji cha mwisho kwa fundi kijana anayetengeneza chini ya mwembe, tukamwuliza pikipiki gani amekwisha kufungua injini yake. Akataja Boxer na TVS, zile za Wahindi wanazoendesha vijana wa kubeba watu. Tukamwuliza habari ya nyingine kubwa zenye sura nzuri. Akasema: "Mwalimu, hizo ninaziona zikipita. Sijapata kuzifungua." Tukashuka sokoni Moba, tukauliza bei ya mnyororo, ya kamba za breki, ya pistoni. Za Boxer na TVS zilikuwa mezani, karibu na sabuni. Za nyingine, kila mtu alituambia "utaagiza". Tangu siku ile, neno "utaagiza" tunalisikia kama neno "hapana".

Lakini hapa tuungame jambo. Moyo wetu ulitaka Yamaha AG 100. Mapadri wazee waliipenda mno, nasi tuliijua tangu utoto. Hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya mashamba: mnyororo wake umefungwa ndani ya kifuniko, matope hayauli, ina kichanja cha mizigo mbele na nyuma, na inawashwa kwa mguu, hata betri ikifa. Kalemie palikuwa na moja kwa dola 500. Tulikaa nayo asubuhi nzima. Injini yake ni ya mipigo miwili, maana yake inakunywa mafuta ya injini pamoja na esanse. Kuna pampu ndogo inayopeleka mafuta hayo. Ikiharibika na mwenyewe asijue, pistoni inashika ndani kama mkate katika sufuria kavu. Mafundi wengi wanaiondoa ile pampu, kisha mtu anachanganya kwa mkono, lita 1 ya mafuta kwa lita 20 au 25 za esanse. Ile tuliyoiona ilikuwa imeondolewa pampu. Ilitoa moshi, nao hautishi, kwani mipigo miwili hutoa moshi sikuzote. Kilichotutisha ni lile neno la soko, "utaagiza".

Tena kuna habari ya milima. Hewa ya juu ni nyepesi, nayo injini inakula hewa kama inavyokula esanse. Kila mita 1000 unazopanda, inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu. Na kama kabirateri imepimwa kule ziwani, huku juu esanse inazidi hewa, buji inakuwa nyeusi, pikipiki inakohoa. Injini ndogo ya 100, mtu wawili, sanduku la vyombo vya Misa, na padri wetu si mtu mwembamba! Kwa upande mwingine, mzee yule wa baraza alisema tuchukue kubwa sana ili kanisa liheshimiwe. Tukamwuliza: ikilala matopeni mbali na watu, nani ataiinua? Boxer ya 150 ina kilo 120 na zaidi kidogo, nayo tu inatosha kumtoa mtu jasho.

Tukazitazama pikipiki kwa siku tatu. Sasa tulikwenda alfajiri, bila kutoa habari. Kwanza mkono juu ya injini: shurti iwe baridi. Halafu kukanyaga pedali ya kuwashia polepole kwa mkono. Kama inashuka bila kukataa, injini imechoka. Ikiwaka, tulisimama nyuma kutazama moshi. Katika injini ya mipigo minne, moshi wa buluu usiokoma ni mafuta yanayoungua ndani. Tulichovya kidole katika mafuta: yaking'aa vipande vya chuma, tuliaga, yakiwa kama maziwa, tulijua maji yameingia, labda ililala mtoni. Tulinyanyua gurudumu la mbele, tukageuza gidoni taratibu. Ikishika katikati kama mlango wenye kikwazo, golori za shingoni zimekwisha. Tulivuta mnyororo nyuma kwenye gurudumu la meno. Ukiachana na meno, umekwisha, na meno yaliyopinda kama ndoana yamekwisha pamoja nao. Tuligonga vijiti vya magurudumu kwa kijiko, kimoja kimoja. Kilichokazwa kinalia, kilicholegea kinanyamaza. Watoto wa Kalemie walidhani tunacheza ngoma.

Saa ya kuhesabu kilometa hatukuiamini hata kidogo. Tulitazama mpira wa kuwekea miguu na ngozi ya kiti, maana hivyo havijui kusema uongo. Na rangi mpya, popote tulipoiona, tuliikwaruza kidogo kwa ukucha. Muuzaji mmoja alikasirika sana. Tukamshukuru, tukaondoka.

Siku ya pili tulionyeshwa Boxer nzuri kabisa kwa dola 400. Injini baridi, mafuta safi, mnyororo mpya. Fundi tuliyekwenda naye alitukonyeza: nunua, mwalimu, nunua upesi. Tukaomba karte roze. Muuzaji akasema iko kwa ndugu yake Uvira. Tukainama kutazama namba iliyopigwa shingoni mwa chuma. Ilikuwa imesuguliwa kwa tupa. Tungeinunua, tungebaki na dola 400 kamili. Fundi alituambia kwamba huko milimani hakuna askari atakayeinama kusoma namba, na alisema kweli. Tulikaa juu ya jiwe nusu saa nzima. Tuliwaza kwamba mahali fulani kuna kijana mwenye kubeba watu ambaye sasa anakwenda kwa miguu, na labda mama yake alitoa mihogo. Tukasimama, tukakataa. Fundi hakusema nasi mpaka jioni, maana naye alitazamia kamisheni yake.

Ya siku ya tatu ilikuwa mbaya wa sura. Boxer ya 150, kiti kimeshonwa kwa gunia, taa imefungwa kwa mpira, nayo ilinuka samaki kupita kiasi. Mwenyewe alikuwa baba mmoja mwuza samaki wakavu, aliyetaka kuuza kwa sababu mgongo ulimkataza. Tulifanya yote: mkono, kidole, kijiko. Golori za shingoni zilikuwa zimekwisha, pine ya nyuma ilikuwa laini kama upara, mnyororo nao umechoka. Lakini injini iliwaka baridi kwa mara ya pili ya kukanyaga, bila moshi. Tukauliza habari ya mafuta, anabadilisha lini. Baba yule akaingia ndani, akatoka na daftari la shule lenye mafuta ya samaki juu yake. Kila alipobadilisha mafuta ya injini aliandika siku na bei; kila alipotia kipande kipya aliandika jina la kipande. Miaka minne, kwa kalamu, herufi kubwa za mtu aliyesoma kidogo. Karte roze ilikuwa imekunjwa ndani ya daftari, na namba zilipatana.

Aliomba 650, tukapatana 590. Tulipomwomba daftari pia, alisita kidogo kuliko alivyosita katika bei. Kisha akatupa.

Mama wa watoto alitoa zile 150. Pine mbili, mnyororo pamoja na meno yake, golori za shingoni, pampu ya mkono na viraka: vikala 138. Kwa dola 60 zilizobaki katika fedha ya kununulia, tuliunganishiwa kichanja cha chuma cha nyuma na tukaweka akiba ya esanse. Tulipofika parokiani, mzee wa baraza aliizunguka mara mbili akashika pua. Akasema kanisa letu sasa litajulikana kutoka mbali.

Safari ya kuvizunguka vikanisa vyote sasa inatuchukua siku nane, wakati wa mvua kumi na moja. Imekwisha kutulaza njiani mara mbili: mara moja kamba ya breki, mara moja esanse yenye maji tuliyouziwa katika chupa. Mara zote mbili kijana wa chini ya mwembe, au mwenzake, alikuwa na dawa. Katika kikanisa cha mwisho, mama yule aliigusa kiti, akanusa mkono wake, akasema: "Hii imekula vizuri kuliko sisi." Mwaka uliofuata tulimchukua juu yake mpaka hospitali kwa ajili ya macho. Alishika kiuno chetu kwa nguvu sana, akafumba macho yale yenyewe tuliyokuwa tunayapeleka kutazamwa.

Daftari tunaendelea kuliandika, chini ya mwandiko wa mwuza samaki. Mstari wa mwisho unasema amotisere ya nyuma ya kushoto inavuja mafuta. Zinauzwa mbili pamoja, na fundi ameuliza dola 25. Baraza litakutana Dominika ijayo, baada ya Misa ya kwanza.