Asiransi: majibu ya siku ya kwanza ndiyo yanahukumu siku ya ajali

Katika miji ya mashariki mwa Kongo, wengi wanaona karatasi ya asiransi kama kitu cha kuonyesha polisi wa barabarani, basi. Kumbe majibu ambayo mwenye pikipiki alitoa siku ya kuiomba ndiyo msingi wa mkataba wote. Kampuni inapanga bei kwa kuamini majibu hayo.

Kwa miaka mingi SONAS peke yake iliuza asiransi nchini. Sheria ya tarehe 17 mwezi wa tatu 2015 ilifungulia kampuni zingine mlango. Sheria hiyo inatofautisha uongo na kosa.

Anayedanganya kwa kusudi, au anayeficha jambo huku akilijua, mkataba wake unavunjika. Aliyekosea bila nia mbaya hapotezi vyote, lakini malipo yake yanapunguzwa. Kama alilipa dola 60 na bei ya kweli ilikuwa dola 100, basi kwa hasara ya dola 1.000 atapata dola 600.

Hapo ndipo familia zilizokimbia vita zinapaswa kuwa macho. Kijijini, pikipiki ya baba ilikuwa ya kwenda shamba na soko. Mjini, kijana wake anaanza kubeba abiria ili watoto wale. Kazi ya pikipiki imebadilika, mahali inapolala pamebadilika, lakini karatasi bado inasema mambo ya kijijini. Hakuna aliyedanganya. Hata hivyo, kampuni isipojulishwa, siku ya ajali kunyamaza huko kunaweza kula feza ya matibabu.

Kuna hatari ingine. Mara nyingi fomu iko kwa Kifaransa, ajenti anaijaza haraka, na mama anatia sahihi bila kusomewa. Sahihi ikishawekwa, majibu yote yanaweza kuhesabiwa kuwa yake, hata yale ambayo hakuulizwa.

Mwenye kuomba aombe kusomewa kila swali kwa Kiswahili kabla ya kushika kalamu. Asichokijua, aseme hakijui, na kiandikwe hivyo. Achukue kopi ya fomu aiweke pamoja na vitambulisho, kwani akishitakiwa kuwa alidanganya, ile kopi ndiyo itamsemea. Na akihama, au kazi ya pikipiki ikibadilika, aijulishe kampuni kwa barua, naye abaki na kopi yenye muhuri.