KWA MTUMBWI KATIKA MTO TANA

Abiria waendao Lamu kwa basi huuvuka mto Tana karibu na Garsen kwa muda wa dakika moja tu. Huchungulia dirishani, huona maji yenye rangi ya matofali, husema, "Ala! Mto wenyewe ndio huu?" kisha hurudi katika mazungumzo yao. Hawadhani kwamba chini ya daraja lile ipo njia nyingine iliyo ya zamani kuliko barabara, nayo ina abiria wake, nauli zake na kero zake.

Tana ndio mto mrefu kuliko yote ya Kenya. Huanza katika milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, hupita Garissa na Hola, kisha humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi penye mji mdogo wa Kipini, baada ya mwendo wa kilomita 1,000 hivi. Mkulima wa Nyeri aonaye udongo wa shamba lake ukichukuliwa na mvua asidhani kwamba umepotea kabisa. Sehemu yake iko huku chini, katika migomba na mpunga wa Wapokomo, ambao wamelima kando ya mto huu tangu zamani kwa kungoja ufurike, kisha kupanda katika tope lililoachwa. Waorma, walio wafugaji, huleta ng'ombe zao kunywa maji kwa njia maalum ziitwazo malka. Na kila mmoja wao, mkulima kwa mfugaji, siku moja au nyingine hana budi kupanda mtumbwi.

Mtumbwi wa Tana huchongwa katika gogo moja. Mafundi wa zamani walipenda mti mmoja wa jamii ya popla, ambao humu Kenya huota wenyewe kandokando ya mito michache tu, ukiwemo Tana na Ewaso Nyiro. Siku hizi hata mwembe mzee huweza kugeuka chombo. Mtumbwi huu hauna tanga, wala hauna mbao za ubavuni za kuuzuia usipinduke kama ngalawa ya pwani. Ni mrefu, mwembamba, na tumbo lake ni duara. Mtu akikohoa kwa nguvu upande wa kushoto, walio kulia hupata habari.

Karani mgeni apandaye chombo hiki kwa mara ya kwanza hutambulikana mara moja. Huja na viatu vyeusi na mkoba wa karatasi, na jambo la kwanza alifanyalo ni kusimama ili atazame nchi.

"Kaa chini, bwana karani," husema mzee mwenye chombo.

"Mzee, chini pana maji."

"Maji yapo kila siku, bwana. Kata hiyo hapo nyuma yako."

Basi karani hukaa, suruali hulowa, na hujikuta anafua maji kwa kata kama mtoto wa nahodha. Hapo safari bado haijaanza, kwa sababu chombo hungoja kijae. Yuko mama mwenye matenga ya maembe ambaye amesema yu karibu, na kila mtu anajua kwamba yu mbali. Yuko mbuzi ambaye hataki kusafiri. Jua limekwisha panda, na ukingoni hapana kivuli ila cha mwembe mmoja, nacho kimekaliwa na wavulana wanaomcheka karani.

Lakini mtumbwi ukisha kuondoka na kushikwa na mkondo, mambo hubadilika. Kushuka mto ni raha kubwa. Mwenye chombo husimama nyuma, huchovya kafi yake kidogo tu ili kuelekeza, na mto wenyewe hufanya kazi. Hapana vumbi wala mtikisiko, na hapana utingo wa kupiga bati kelele. Sauti zinazosikika ni za maji yakisugua ubavu wa chombo na za ndege. Mdiria hukaa juu ya tawi lililoinama akitazama samaki, na mnandi huanika mabawa yake juu ya kisiki kama mtu aanikaye koti. Kila kona ya mto hufunua kijiji kipya: wanawake wafuao nguo, watoto wapigao mbizi palipozungushiwa miti ili mamba wasiingie, mzee atengenezaye mtego wa kambare. Salamu hutupwa kutoka ukingoni, hujibiwa kutoka majini, na habari za ugonjwa, harusi na bei ya mchele hupelekwa hivyo kutoka kijiji hadi kijiji bila gharama ya simu. Jioni mama hubembeleza watoto wao kwa nyimbo, na msikilizaji akumbuke kwamba sauti ya wimbo wa taifa wa Kenya, uliochaguliwa mwaka 1963, ilitokana na wimbo wa Kipokomo wa kumbembeleza mtoto.

Kupanda mto ni hadithi nyingine. Hapo kafi haitoshi. Vijana wawili husimama na pondo ndefu, huzichomeka katika tope, husukuma kwa kifua, na chombo hutambaa karibu na ukingo ambako mkondo si mkali. Huko ukingoni ndiko yalipo matawi yenye miiba, nyumba za nyigu, na udongo umeguke ghafula na kuanguka majini kwa kishindo. Njia iliyoshukwa asubuhi moja huweza kupandwa kwa siku nzima na zaidi. Katika kiangazi mafungu ya mchanga hujitokeza, na chombo hukwama. Wote huamriwa kushuka na kusukuma, naye karani huvua viatu vyake vyeusi huku akitazama maji kwa shaka, maana ameambiwa habari za mamba. Siku hizi wako wenye mashine za kubandika nyuma, nazo hupunguza siku kuwa saa. Lakini mashine ikigonga kisiki kilichozama, huwa mzigo mzito usiosaidia kitu, na pondo hutafutwa tena.

Wageni wenye mashine kubwa zaidi wamewahi kuujaribu mto huu. Mwaka 1891 nahodha Dundas, aliyefanya kazi na Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, aliupanda kwa meli ndogo ya moshi iitwayo Kenia, akafika Hameye, mbali sana bara. Ilikuwa safari ya kusifiwa, lakini haikugeuka kuwa desturi. Tana haupendi meli. Hubadili njia yake upendavyo: huacha kona ya zamani ikawa ziwa lenye umbo la mwezi mwandamo, na hukata njia mpya katikati ya shamba la mtu. Ramani ya mwaka jana haimfai mwenye chombo mwaka huu. Yeye husoma uso wa maji. Mkunjo mdogo wamwambia kwamba chini pana gogo, na pale maji yanapong'aa na kutulia mno, hujua kwamba kina ni cha goti.

Tena mitumbwi yenyewe iliwahi kuuonyesha mto pa kupita. Zamani mlango wa Tana ulikuwa upande wa kusini zaidi, mahali pabaya penye mawimbi na mchanga. Mto Ozi ulifika baharini Kipini, penye bandari iliyo afadhali, na kati ya mito hiyo miwili palikuwa na nchi tambarare ya majani. Katika karne ya 19 watu wa upande wa Witu walitengeneza mfereji mwembamba, Belezoni, ili mitumbwi yenye mchele na pembe ivuke kutoka Tana hadi Ozi pasipo kuingia baharini. Mfereji ulikuwa mdogo. Mafuriko yakaja, maji yakauona, yakaupenda, yakaupanua mwaka hata mwaka, na mwishowe Tana wote ukahamia humo. Ndiyo sababu leo msafiri aendaye na mkondo hufikia Kipini. Ni nadra sana mto mkubwa kufuata nyayo za mtumbwi.

Chini ya Belezoni abiria mgeni hushangaa kuona kwamba mto, ulioshuka siku zote, sasa wasimama, kisha warudi nyuma. Ni bahari inayojaa. Hapo mwenye chombo hufunga kamba penye mti na kulala, na hapana maneno ya karani yatakayomwamsha mpaka maji yaanze kupwa. Kungoja huku huudhi sana mtu mwenye miadi. Lakini wakulima wa Ozi na Kau wameishi kwa kupwa na kujaa huko. Maji ya bahari, yakiingia mdomoni mwa mto, huyainua maji matamu yaliyo juu, nayo hutandaa katika majaruba ya mpunga bila pampu wala mtambo. Wakati wa bamvua ndio wakati wa kufungua njia za maji shambani.

Mpango huo wa ajabu umeingia mashakani. Huko juu kumejengwa mabwawa ya umeme, moja baada ya jingine: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Taa za Nairobi zimefaidika nayo, na hapana mtu wa kusema taa ni kitu kibaya. Hata hivyo mto uliofungwa si mto ule wa zamani. Mafuriko ya kawaida, yale ya kupandia, yamepungua, na maji matamu yakiwa haba bahari hupata nguvu, chumvi hupanda, na mpunga hunyauka. Wenye mitumbwi nao hulalamika. Zamani mzee aliweza kutazama mawingu na mwezi akasema mto utakuwaje baada ya juma moja. Sasa maji huweza kupanda au kushuka bila tone la mvua kuonekana huku chini, kwa sababu milango ya bwawa imefunguliwa au kufungwa mahali asipopaona. Mtu alalaye na chombo chake kimefungwa majini huamka akikikuta juu ya mchanga mkavu.

Lakini mabwawa hayakuyamaliza mafuriko makubwa. Kabla ya kujengwa, mwaka 1961 Tana ulifurika vibaya, na baada ya kujengwa ulifurika tena 1997, 2018 na 2024. Katika miaka kama hiyo basi la Lamu husimama, lami hupotea chini ya maji, na mtumbwi uliodharauliwa huitwa kwa jina la heshima. Kwa njia hiyo mgonjwa hufika hospitali na unga hufika kijijini. Katika siku hizo kero za mtumbwi hupata maana yake. Mzee mwenye chombo huwa mkali sana. Huhesabu vichwa. Akisema wametosha, hata mtu aje na noti mkononi hapandi, na asimamaye huteremshwa. Abiria hunung'unika kwamba mzee ana kiburi, mbona nafasi ingaliko?

Watu wa mto hawahitaji kuelezwa sababu. Mwezi wa Aprili 2024 barabara kati ya Garissa na Madogo ilifunikwa na maji, na watu wengi walikuwa wakivushwa kwa mashua. Mashua moja iliyojaa watu ilizama, na baadhi yao wakafa. Wengi walikuwa watu wa kawaida tu waliokuwa na haraka ya kufika ng'ambo.

Basi yule karani, akirudi kutoka Kipini, huonekana ni mtu tofauti kidogo. Viatu ameviweka mkobani pamoja na karatasi. Hukaa chini kabla ya kuambiwa, katikati ya chombo, magoti yameinuliwa na mikono imo ndani, maana mkono uning'iniao majini humwita mamba. Mama wa maembe amekuwa shangazi yake. Kwenye fungu la kwanza la mchanga huwa wa kwanza kushuka. Na kijana mgeni, mwenye simu ya kupigia picha, akisimama penye kona ili aone viboko vizuri zaidi, si mzee asemaye.

"Kaa chini, ndugu," husema karani, akimpa kata. "Fua maji."