Wiki Tatu za Hamburg, Dirisha Moja la Kunduchi

Mpwa wangu alinipigia simu kutoka Kunduchi Mtongani, matokeo ya kidato cha nne yalipokwisha kutoka. "Shikamoo mjomba. Dirisha la kubadilisha tahasusi limefunguliwa. Nibaki na PCB?" Nikamuuliza aliichagulia nini PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia. Akanijibu kwamba siku ya kujaza selform, ile fomu ya kuchagua tahasusi, mwenzake wa dawati moja aliandika PCB, naye akaandika.

Wiki hiyohiyo binti yangu wa darasa la tisa, huku Hamburg, alikuwa kwenye karakana ya baiskeli. Shule ilikuwa imetenga wiki tatu, darasa zima likatawanyika kazini. Nafasi aliiomba mwenyewe kwa barua. Karakana mbili zilimkataa, ya tatu ikampokea. Mwalimu alikwenda kumwona akiwa kazini, na bima ya ajali ilimlinda kama aliye shuleni. Aliporudi aliandika ripoti, akasema baiskeli hazitaki tena. Mwalimu aliona hayo ni mafanikio, nami nilikubaliana naye. Zaidi ya hapo, tangu 2012 jiji lina Jugendberufsagentur, ambako shule, ofisi ya ajira na ustawi wa jamii hukaa chini ya paa moja, ili kijana anayemaliza shule bila pa kwenda atafutwe.

Si kila kitu cha huku nakitamani. Watoto wanatenganishwa katika shule za aina tofauti baada ya miaka minne tu ya shule ya msingi, na mwaka 2010 wapiga kura wa Hamburg walikataa kuifanya sita. Mtoto wa miaka kumi bado hajajijua.

Nyumbani Tanzania sera imesogea, na nilifurahi. Mkondo wa amali, yaani wa ufundi, ulianza 2024, na mwaka huohuo tahasusi zikaongezwa kutoka 16 hadi 65. Lakini njia zikiwa 65, anayehitajika zaidi ni wa kuzieleza. Mwalimu wetu wa unasihi, enzi zangu, alikuwa na vipindi vya Kemia tangu asubuhi. Tulimwona pale tu mtu alipokwisha kufanya kosa.

Kinachoniuma ni kwamba Kunduchi kazi ziko mlangoni. Ufukweni fundi anafungua mashine ya boti, mwingine anakalafati chombo. Sokoni kina mama wanajua samaki wa leo atauzwaje kesho na barafu itakula kiasi gani cha faida. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kampasi ya sayansi za majini na uvuvi hapohapo. Kule Wazo kuna kiwanda cha saruji. Mpwa wangu amekua akinusa samaki kila siku, na geti la kampasi hajawahi kulivuka.

Naomba Manispaa ya Kinondoni iweke wiki mbili za mafunzo kazini kwa kidato cha tatu kwenye kalenda ya shule zake zote. Afisa elimu kata awe na orodha ya mafundi na ofisi za kata yake, barua ziwe na muhuri, na mwalimu mmoja kila shule apunguziwe vipindi. Ufuatiliaji usilegezwe hata kidogo: watoto wetu wameshagonga kokoto na kubeba ndoo za samaki vya kutosha. Bila saa zilizopangwa na mwalimu anayepita, mafunzo yatageuka kibarua cha bure.

Usiku ule mpwa wangu aliponipigia, sikumjibu. Nilimwomba dada ampeleke ufukweni kwa fundi wa mashine. Alishinda huko siku mbili, ya tatu akaenda kampasi kuuliza wanaosoma pale walipitia wapi. Akanipigia tena.

"Mjomba, kumbe chuo cha uvuvi Mbegani kinachukua hata sisi wa kidato cha nne! Mama anataka nimalize kidato cha sita kwanza. Wewe unasemaje?"

Nikamwambia anieleze kwanza ile mashine ilikuwa na tatizo gani. Alizungumza hadi salio likakatika.