Hodi ya Mbali

Mgeni mstaarabu hapiti mlangoni kimya. Hupiga hodi, na mwenyeji humtambua kwa sauti kabla ya kumkaribisha. Je, hodi hupigwaje mlango unapokuwa mbali, sauti isikofika? Swali hili si geni Ukambani. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilipeleka pembe za ndovu kutoka Kitui hadi Mombasa, na Kivoi, aliyempokea mmisionari Johann Ludwig Krapf mwaka 1849, alikuwa miongoni mwa viongozi wake mashuhuri. Aliyebaki nyumbani hakuyaona yaliyotendeka pwani. Ilimlazimu amjue vyema mjumbe wake.

Leo mwanafunzi wa Kitui huketi mbele ya tarakilishi inayotumia Linux, na seva anayoihitaji yaweza kuwa Konza, katika kaunti ya Makueni, palipojengwa kituo cha taifa cha data. Hufungua kidirisha cha amri, akaandika ssh, jina lake na anwani ya seva. Tangu hapo kila amri aiandikayo hutekelezwa kule, naye hajanyanyua mguu. Kwa kuwa kinachosafiri ni maandishi matupu, wala si picha ya skrini nzima, hata mtandao dhaifu wa simu humfaa. Na umeme ukikatika kwake? Ikiwa aliianza kazi ndani ya programu iitwayo screen, kazi huendelea kule kule, naye ataikuta arudipo.

Njia hii ilibuniwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen wa Ufini, baada ya nywila kunaswa katika mtandao wa chuo kikuu chake. Programu za awali, kama vile telnet, zilipitisha nywila wazi, mithili ya barua isiyo na bahasha. Ssh huyageuza maneno yote kuwa fumbo njiani.

Hata hivyo, bahasha haimfai aliyekosea mlango. Ndiyo maana, mara ya kwanza, ssh humwonyesha mwanafunzi alama ya utambulisho wa seva na kumwuliza iwapo angali anataka kuendelea. Aghalabu watu hukubali pasi na kusoma. Hapo ndipo tapeli aliyejipenyeza njiani awezapo kuitikia "karibu" kwa niaba ya seva, akapokea nywila. Mwenye busara humpigia simu msimamizi wa seva, akasomewa alama ile na kuilinganisha. Ssh huihifadhi, na ikibadilika siku moja, hutoa onyo. Pengine seva imeundwa upya; pengine si yenyewe. Asiulize, ataumbuka.

Iliyo salama zaidi ni jozi ya funguo: ule wa umma huwekwa kwenye seva mfano wa kufuli, na ule wa siri hubaki kwa mwenyewe, wala haukopeshwi hata kwa rafiki.

Kijana wa Mwingi au Wote aliyeyamudu haya aweza kutunza mitambo ya Nairobi, hata ya Ulaya, bila kuhama kwao. Lakini nani atamkabidhi mali yake mtu asiyemwona? Umbali umeshindwa na nyaya. Uaminifu ungali kazi ya mwanadamu. Anayetaka kufunguliwa milango ya mbali hana budi kuanza kwa kuulinda ufunguo wake mwenyewe.