Binti yetu, Kichina na nafasi ya ukufunzi

Usiku ule binti yetu alipotupigia simu kutoka Katoro, mkoani Geita, hakuanza kwa salamu kama tulivyomlea. Alisema, "Mama, leo nusura niue watu." Kisha akanyamaza muda mrefu, hata tukadhani mtandao umekatika.

Yeye ni mkalimani. Huu ni mwaka wa pili anafanya kazi katika mtambo wa kuchenjulia dhahabu unaomilikiwa na Wachina, nasi wazazi wake tumebaki Ngokolo, Shinyanga mjini. Siku hiyo msimamizi aliitazama karatasi ya kupimia aliyoichovya kwenye tangi, akasema maneno machache: jian shao le. Binti yetu akafasiri, "Imepungua." Vijana wakaelewa kuwa iliyopungua ni sayanaidi, wakaifuata ili waongeze. Mzee mmoja mchenjuaji ndiye aliyewapigia kelele wasimame, akawaonesha mifuko ya chokaa ambayo tangu asubuhi haikuguswa.

Sisi si watu wa madini, ilibidi tuelezwe. Chokaa ndiyo inayozuia tindikali katika tangi. Ikikosekana, sayanaidi hugeuka gesi, na gesi hiyo huua mtu kwa kuivuta tu. Sasa neno jian katika Kichina huweza kuwa alkali, na huweza kuwa kupunguza. Matamshi ni yale yale, hata kidatu cha sauti ni kimoja. Tofauti iko katika maandishi. Msimamizi alisema alkali ni chache. Binti yetu akasikia kitu kimepungua. Alhamdulillah, hakuna aliyedhurika.

Alipokuja nyumbani kwa mapumziko tulimuuliza ni nani aliyemfundisha kazi ya kufasiri. Akajibu, "Hakuna, baba." Chuoni, ambacho hatuna haja ya kukitaja, walimu wake wa Kichina walitoka China kwa zamu, wakakaa mwaka mmoja au miwili, wakarudi kwao. Walikuwa watu wema na walifundisha matamshi na maandishi kwa bidii. Lakini hawakujua Kiswahili, kwa hiyo kila neno lilipita kwanza kwenye Kiingereza kabla ya kufika kwetu. Hakuna aliyekaa na wanafunzi akawafundisha namna ya kumkatiza msemaji kwa adabu na kumuuliza, "Umekusudia nini hapa?" Swali hilo moja lingetosha siku ile.

Na Kichina si mgeni wa jana. Redio ya China imekuwa ikitangaza kwa Kiswahili tangu mwaka 1961. Mwaka 2011 nyumba nzima ilikaa mbele ya TBC kutazama tamthilia ya Doudou na Mama Wakwe Zake, na bibi yake binti yetu akaapa kuwa mama mkwe yule anamfahamu, anaishi Kahama. Taasisi ya Confucius ilianza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2013. Reli ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, ilikabidhiwa kampuni za China. Wanaohitaji wakalimani wameongezeka kila upande. Wanaoweza kuwafundisha wakalimani hao, tena kwa Kiswahili, ni wachache mno, na sababu mojawapo tumeiona mezani kwetu.

Sababu hiyo ni mshahara. Mmoja wetu amefundisha shule ya msingi kwa miaka 27, na binti huyu alimpita kwa kipato mwezi wake wa kwanza mtamboni. Ada ya mdogo wake inatoka Katoro. Bati za nyumba hii zimetoka Katoro. Ndipo lilipotoka tangazo la chuo kikuu kimoja kinachotafuta wakufunzi wasaidizi wa mawasiliano na tafsiri, upande wa Kichina. Sharti ni shahada ya kwanza yenye wastani usiopungua 3.8, naye ana 3.9. Baada ya hapo atatakiwa asome uzamili, huenda China kwenyewe, kwani mhadhiri msaidizi hudaiwa uzamili wenye wastani wa 4.0. Mshahara wa kuanzia ni chini ya nusu ya ule wa mtamboni.

Hatutaficha kwamba sisi ndio tuliosita, si yeye. Tulizungumza habari ya safari ya binti peke yake, tukaenda hadi kwa sheikh wetu, naye akatueleza kwa upole jinsi wanazuoni walivyohitilafiana, wengine wakiangalia mahram na wengine wakiangalia usalama wa njia. Tuliporudi, mama yake akasema kweli ambayo wote tulikuwa tunaikwepa: tulikuwa tunahesabu ada, tukaifunika kwa suala la mahram.

Binti alitusikiliza, kisha akatueleza jambo lililotukera zaidi kuliko lile la tangi. Wanakijiji walifika mtamboni kulalamikia maji. Mkalimani alikuwa mmoja, yeye, naye analipwa na upande mmoja. Alifasiri kwa uaminifu, lakini alipoinua macho aliona wazee hawamwamini, na hakuweza kuwalaumu. Tulikumbuka habari iliyopokewa na Tirmidhi, kwamba Mtume (SAW) alimwamuru Zaid bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi kwa kuwa hakuwaamini juu ya barua zake, na Zaid akayamudu kwa muda usiotimia nusu mwezi. Kijiji kile hakina Zaid wake. "Nikifundisha ishirini kwa mwaka," alisema, "huenda mmoja akatoka kijiji kile."

Mdogo wake, mwenye ada yake, alikuwa mlangoni akisikiliza. Akasema anaweza kuhamia shule ya kutwa. Hakuna aliyemjibu, maana tuliona haya.

Asubuhi tulikwenda naye kwa wakili kuthibitisha nakala ya cheti chake cha kuzaliwa. Saa nane alipanda basi la Geita kurudi kazini, nakala hiyo ikiwa ndani ya bahasha, pamoja na daftari jipya ambalo ukurasa wake wa kwanza ameandika jian mara mbili, kwa herufi mbili za Kichina, na chini yake Kiswahili cha kila moja.