Wosia kwa Skauti wa Same: Njoo na Uliyemfundisha

Wanangu na wajukuu zangu mnaovaa skafu hapa Same mjini, nanyi mlioko juu Mbaga, Gonja na Mamba Miamba: shikamoo zenu nimezipokea kwa miaka mingi, sasa nipokeeni neno.

Mwezi huu nakabidhi uongozi wa kundi. Umri umenifikisha mahali ambapo njia ya kilele cha Shengena naisimulia tu, siipandi. Kabla sijakaa pembeni nataka tuzungumze habari za beji, maana naona zinavyowanyima usingizi. Kutamani kupanda ngazi si vibaya, na sitaki mwache. Nataka mjue beji inamdai nini aliyeivaa.

Katika miaka ya mwanzo ya skauti, aliyetaka daraja la pili aliwasha moto wa kuni kwa njiti zisizozidi mbili, na aliweza pia kupimwa kwa kutazama vitu 24 kwa dakika moja, kisha kutaja 16 kwa kumbukumbu. Wa daraja la kwanza alisafiri maili 7 kwenda na 7 kurudi, akaandika taarifa ya aliyoyaona. Pamoja na hayo alipewa sharti ninalolipenda kuliko yote: alete skauti mchanga aliyemfundisha yeye mwenyewe mpaka akafuzu. Majina ya ngazi yamebadilika tangu hapo, na masharti pia. Hilo moja mimi nimelishikilia, na nawausia mlishikilie.

Fundo unaweza kulifunga mbele ya mtahini Jumamosi, na Jumatano umelisahau. Lakini ukikaa na mtoto wa darasa la nne ukamfundisha kitanzi cha kuokolea, kile kisichojikaza mwilini mwa mtu, atakuuliza kwa nini ncha ya kamba inazungukia nyuma. Hapo ndipo utajijua kama unajua.

Vivyo hivyo huduma ya kwanza. Tambarare zetu, kuanzia Makanya hadi kingo za Mkomazi, zina kifutu, na wengi bado wanaamini jeraha la nyoka lichanjwe, linyonywe, lifungwe kamba hadi mguu uvimbe. Skauti anayejua hafanyi lolote kati ya hayo. Anamtuliza mgonjwa, anamvua bangili na viatu, anahakikisha kiungo kilichoumwa hakitikisiki, na anatafuta usafiri wa hospitali upesi. Ukija kwangu kudai beji hiyo, nitakwenda kumuuliza bibi yako nyumbani. Akijibu sawasawa, beji ni yako. Asipojua, rudi ukamweleze, kwa maana yeye ndiye atakayekuwapo shambani wewe ukiwa shule.

Novemba 2009 mvua kubwa iliporomosha udongo Goha, kule Mamba Miamba, na zaidi ya watu 20 wakafa. Siwezi kuitaja kwa haraka. Tangu hapo sikubali skauti wa milimani apande ngazi bila kueleza dalili za mlima unaotaka kuteremka: nyufa mpya ardhini, miti inayoanza kuinama, chemchemi inayogeuka tope ghafla. Tena azieleze kwa majirani, mvua za vuli zikiwa bado hazijaanza. “Kuwa Tayari” tunaitamka kila gwaride. Huku Upare maana yake ni hiyo.

Kuhusu mazingira nitakuwa mkali. Kupanda mche siku ya sherehe na kupiga picha hakutoshi. Mtahini aje kuuona mche kiangazi kikishapita. Na mwende msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, pamoja na wazazi wenu kuzoa tope kwenye ndiva, mabwawa ambayo wazee wetu waliyachimba yajae usiku na kumwagilia mashamba mchana kwa zamu. Mkiijua zamu hiyo mmejua mengi kuhusu kuishi na watu.

Sasa nanyi viongozi mtakaonifuata. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliwafundisha viongozi wapime beji kwa jitihada ya mtoto, wasitazame ubora wa kazi peke yake. Mtoto mwenye mguu mbovu aliyefika nusu ya mlima kwa siku nzima amestahili. Wala msimrudishe mtoto nyumbani kwa sababu mzazi hajapata fedha ya sare. Vilevile msikubali vijana wetu wajulikane kwa kuwavisha wageni skafu tu, Mwenge wa Uhuru unapopita au mkuu anapofika. Heshima hiyo ni nzuri, na wanaitenda vizuri. Wafundisheni pia kazi ya siku ambayo hakuna mgeni.

Baden-Powell alifariki Nyeri, Kenya, tarehe 8 Januari 1941, na kaburi lake liko huko. Katika makaratasi yake ilikutwa barua ya kuwaaga skauti. Hakutaja beji hata moja. Aliwaandikia habari za furaha, kwamba inapatikana kwa kuwafurahisha wengine. Mkuu wa skauti wa dunia nzima, akiaga, alichagua hilo.

Kamba, machela na daftari la majina viko kwa kiongozi mpya. Majaribio yajayo kila anayetaka kupanda aje na mmoja aliyemfundisha. Nimekwisha kumwagiza kiongozi aanze na huyo mdogo, ninyi mkisubiri nje.